Freatofaiti: Neno la mizizi lililobeba kisima, na funzo lake kwa Wajir

MGENI anayefika Wajir wakati wa kiangazi hukutana na mambo mawili yanayoonekana kupingana. La kwanza ni ukavu: ardhi nyeupe ya mawe ya chokaa, vumbi, na mifugo inayotembea mwendo mrefu kutafuta malisho. La pili ni kijani kibichi, kwa kuwa hapa na pale husimama mti wenye majani mabichi kana kwamba mvua ilinyesha jana.

Aghalabu watu huhitimisha kwamba mti wa namna hiyo umezoea kuishi bila maji. Hitimisho hilo huwa kweli kwa baadhi ya miti. Kwa mingine huwa kosa, na katika eneo linalotegemea visima, kosa hilo laweza kuwa ghali.

Wataalamu wa mimea wana neno moja linaloweka mpaka baina ya makundi hayo mawili. Neno hilo ni freatofaiti. Maana yake inahusu mizizi na mahali inapopata maji, lakini asili yake inahusu kitu ambacho kila mkazi wa Wajir anakifahamu tangu utotoni, yaani kisima.

Jinsi linavyoandikwa

Katika Kiingereza neno hili huandikwa phreatophyte. Huwasumbua wengi kwa sababu lina herufi P na H zikifuatana mara mbili, mwanzoni na katikati, na kila mara herufi hizo mbili hutoa sauti moja tu ya F. Wapo wanaoacha H ya kwanza, na wapo wanaogeuza mpangilio wa E na A zinazofuata R.

Dawa ya makosa hayo ni kulivunja neno vipande viwili. Kipande cha kwanza ni phreato, na cha pili ni phyte. Mwandishi akishajua kila kipande kinatoka wapi, hana haja ya kukariri herufi moja moja.

Kiswahili hakina tatizo hilo, kwa kuwa huandika sauti kama inavyosikika. P na H huwa F, na neno hupewa irabu mwishoni, hivyo kupata umbo la freatofaiti. Mwanzo wake si mgeni kwa sikio la Mswahili, kwani lugha tayari ina maneno kama fremu na friji. Katika ngeli, neno laweza kufuata mkondo wa maneno mengi ya kukopwa: freatofaiti hii, freatofaiti hizi.

Mwisho wa -faiti umefuata matamshi ya Kiingereza. Ndio unaofaa pia kwa maneno ndugu zake kama vile zerofaiti, mmea wa nchi kavu, haidrofaiti, mmea wa majini, na halofaiti, mmea wa mahali penye chumvi. Anayechagua umbo moja ni vyema alitumie kwa familia nzima ya maneno hayo ili wanafunzi wasichanganyikiwe.

Asili ya neno

Neno hili limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki cha kale. La kwanza ni phrear, ambalo maana yake ni kisima, hasa kile kilichochimbwa, na ambalo katika hali ya umilikishi huwa phreatos. La pili ni phyton, yaani mmea. Ukiyaunganisha hupati mmea wa ukame wala mmea wa jangwa. Unapata mmea wa kisima.

Phrear si neno lililobuniwa na wanasayansi. Wagiriki walilitumia katika mazungumzo ya kila siku. Wasomaji wa Biblia hukutana nalo, katika lugha ya awali ya Agano Jipya, ndani ya sura ya nne ya Injili ya Yohana, pale mwanamke Msamaria anapomwambia Yesu kwamba kisima cha Yakobo ni kirefu na hana chombo cha kutekea.

Aliyelitia neno hilo katika sayansi ya mizizi ni Mmarekani Oscar Edward Meinzer, aliyeongoza kwa miaka mingi kitengo cha maji ya ardhini katika idara ya jiolojia ya Marekani. Alilieleza katika chapisho lake la mwaka 1923 kuhusu istilahi za maji ya ardhini, kisha mwaka 1927 akatoa chapisho zima kuhusu mimea kama dalili ya maji yaliyofichika chini ya ardhi.

Kazi ya Meinzer haikuwa kupanda miti. Alikuwa akitafuta maji katika nchi kavu za magharibi mwa Marekani, na alikuwa ametambua kwamba baadhi ya mimea hiyo ilimwonyesha mahali pa kuchimba. Alihitaji jina la kuitofautisha na mimea mingine ya jangwani, na jina alilolipata ni lile la kisima.

Maana yake hasa

Ili kuelewa maana ya freatofaiti, ni lazima kwanza kuelewa jinsi maji yanavyokaa ardhini. Karibu na uso wa nchi kuna udongo wenye hewa na unyevu kidogo. Unyevu huu huletwa na mvua na hutoweka jua likizidi. Chini zaidi kuna tabaka ambalo nafasi zote za udongo na mwamba zimejaa maji. Mchimba kisima akifika hapo, maji huanza kujikusanya shimoni.

Kati ya sehemu hizo mbili kuna ukanda mwembamba ambamo maji hupanda kutoka tabaka la chini, kama mafuta ya taa yapandavyo kwenye utambi. Freatofaiti ni mmea ambao kwa kawaida hupata maji yake kutoka tabaka lile lililojaa maji, ama moja kwa moja, ama kupitia ukanda huo wa juu yake.

Zerofaiti haifanyi hivyo. Mti wa manemane, unaomea katika nyika za kaskazini mashariki mwa Kenya, huangusha majani kiangazi kinapoanza na kubaki matawi matupu hadi mvua irudi. Mimea mingine huhifadhi maji katika shina nene au hufunika majani yake kwa nta. Yote hiyo huishi kwa kubana matumizi.

Kwa maneno mengine, zerofaiti hustahimili ukame, ilhali freatofaiti huukwepa. Mmoja hunywa kidogo kwa sababu hana. Mwingine huendelea kunywa kwa sababu amefika kisimani.

Ifahamike pia kwamba urefu wa mzizi peke yake si ushahidi. Mahali ambapo maji yako mita mbili tu chini ya uso wa ardhi, hata mmea wenye mizizi mifupi waweza kuwa freatofaiti. Mahali ambapo maji yako mbali sana, mzizi wa mita 20 waweza kuishia katika udongo mkavu. Swali la msingi ni kama mzizi umefika kwenye maji.

Hata hivyo, uwezo wa baadhi ya mizizi unastaajabisha. Mwaka 1960, katika machimbo ya madini karibu na mji wa Tucson, Arizona, ilionekana mizizi hai ya mti wa jamii ya mathenge katika kina cha takriban mita 53. Katika jangwa la Kalahari nchini Botswana, wachimba visima walikuta mizizi ya mti uitwao kitaalamu Boscia albitrunca katika kina cha mita 68. Mti huo una jamaa zake wanaomea kaskazini mwa Kenya.

Nchi ya visima

Ni vigumu kupata mahali panapolifaa neno hili kuliko Wajir. Mji huo ulikua kwa sababu ya visima vyake, vilivyochimbwa katika mwamba wa chokaa ambamo maji hupatikana mita chache tu chini ya ardhi. Masimulizi ya Wasomali na Waborana huvihusisha baadhi ya visima vya kale vya Wajir na El Wak na watu waliotangulia, waitwao Madanle. Jina Wajir lenyewe husimuliwa kuwa latokana na neno la Kiborana lenye maana ya kukusanyika pamoja, na kilichowakusanya watu na mifugo yao kilikuwa maji.

Visima hivyo vimeacha alama hata katika ramani. Neno la Kisomali la kisima ni ceel, ambalo herufi yake ya kwanza huwakilisha sauti ya kooni, na ambalo katika maandishi ya kiserikali limezoeleka kama El. Ndilo linalosikika katika majina kama Eldas katika Kaunti ya Wajir na El Wak katika Kaunti ya Mandera. El Wak ni kisima cha Waaq, jina la Mungu miongoni mwa jamii za Kikushi.

Ukaribu wa maji na uso wa ardhi una faida na hasara. Faida ni kwamba familia yaweza kuchimba kisima kwa mikono. Hasara ni kwamba maji hayo huchafuka upesi. Ndiyo sababu kwa miongo mingi mji wa Wajir ulitumia vyoo vya ndoo badala ya vyoo vya shimo, na ndiyo sababu kipindupindu kimekuwa tishio la mara kwa mara.

Maji yaliyo karibu na miguu ya watu yako karibu na mizizi pia. Mti usiohitaji hata robo ya ule mzizi wa Tucson waweza kuyafikia maji ya visima vya mji huo bila taabu. Hali si hiyo katika chemchemi kubwa ya chini ya ardhi ya Merti, inayopita Habaswein na Dadaab kuelekea Liboi. Huko visima vya mashine huchimbwa zaidi ya mita 100, na mizizi ya kawaida haifiki. Wanaokabiliwa na ushindani wa mizizi ni wenye visima vifupi na wanaochimba maji kwenye mchanga wa laga.

Mgeni asiyetambulika

Freatofaiti inayozungumzwa zaidi kaskazini mashariki mwa Kenya ni mathenge. Jina lake la kitaalamu lililozoeleka ni Prosopis juliflora, ingawa mwaka 2022 wataalamu wa mimea waliigawa jamii hiyo na kuupa jina jipya la Neltuma juliflora. Asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini pamoja na visiwa vya Karibiani.

Rekodi za mwanzo za mti huu nchini Kenya ni za mwaka 1973, ulipopandwa Bamburi, Mombasa, kwa lengo la kurudisha uhai katika machimbo ya mawe ya saruji. Mapema miaka ya 1980 ulisambazwa Baringo, Turkana na Tana River ili kuzuia mmomonyoko wa udongo na kuwapatia watu kuni. Husimuliwa kwamba jina mathenge lilitokana na afisa wa misitu aliyeueneza.

Wasomali nao waliupa mti huo jina la garanwaa, lenye maana ya kitu kisichotambulika. Ulikuja bila kujulikana, na kabla ya wengi kuujua tabia ulikuwa umekwisha kuenea. Mbuzi na ngamia hupenda maganda yake matamu, kisha huzipeleka mbegu mbali kupitia kinyesi. Mafuriko huzipeleka mbali zaidi. Leo mti huo umeripotiwa Garissa, Tana River, Wajir na Mandera, mbali na kaunti nyingine kame.

Madhara yake yalifika mahakamani mwaka 2006, wakazi wa Baringo walipompeleka Nairobi mbuzi aliyeng'oka meno kuwa kielelezo cha athari za maganda hayo yenye sukari nyingi. Mwaka 2008 serikali ilitangaza mathenge kuwa gugu hatari chini ya sheria ya kudhibiti magugu.

Mjadala huo ulihusu zaidi meno, miiba na malisho. Suala la maji halikuonekana kwa urahisi, kwa sababu mzizi hufanya kazi yake pasipo kuonekana na mtu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu jimbo la Afar nchini Ethiopia, ambalo ni kame kama Wajir, ulikadiria kwamba mti mmoja wa mathenge hutumia wastani wa lita 7 za maji kwa siku. Kiasi hicho chaonekana kidogo. Lakini miti mitatu hutumia mtungi mmoja wa lita 20 kila siku, na kichaka cha miti 1,000 hutumia lita 7,000, sawa na mitungi 350.

Takwimu hizo ni za Afar, na si kila tone linatoka kisimani, kwa kuwa mathenge una mizizi ya aina mbili. Mizizi ya pembeni huenea karibu na uso wa ardhi na kunyonya maji ya mvua, huku mzizi mkuu ukishuka chini. Wataalamu husema kwamba mti huu ni freatofaiti unapopata nafasi: hutumia maji ya mvua yakiwapo, na kiangazi hugeukia kisima. Kwa bahati mbaya, kiangazi ndicho kipindi ambacho binadamu na mifugo nao hawana pengine pa kwenda.

Kisima chenyewe ni shahidi

Ipo njia ya kutambua kama mimea inakunywa maji ya ardhini. Mwaka 1932, Walter White, mtaalamu wa maji nchini Marekani, alichapisha vipimo alivyovichukua katika visima vya bonde la Escalante, Utah. Aligundua kwamba palipo na freatofaiti, kimo cha maji kilishuka mchana, jua lilipokuwa likivuta maji kupitia majani, kisha kikapanda tena usiku mimea ilipopumzika.

Njia hiyo haihitaji mitambo ya gharama. Yahitaji kamba yenye uzito, kisima ambacho hakitekwi maji kwa siku kadhaa, na mtu wa kupima asubuhi na jioni kwa uangalifu. Kisima kinachotekwa hakifai, kwa kuwa kushuka kwa maji kwaweza kuwa kazi ya ndoo wala si ya mizizi.

Si kila freatofaiti ni adui

Lingekuwa kosa kulichukua neno hili kuwa tusi. Baadhi ya miti ya asili inayothaminiwa sana katika nchi kavu nayo hufikia maji ya ardhini. Mikoma ya kando ya Ewaso Ng'iro ni mfano mmoja. Miswaki inayomea kando ya laga ni mfano mwingine. Miti hiyo hulisha wanyama, hushika kingo za mito na huwapa watu dawa, mikeka na vijiti vya kusafishia meno. Kwa vizazi vingi wafugaji wameisoma kama Meinzer alivyosoma mimea ya kwao, wakijua kwamba inapostawi, maji hayako mbali.

Tofauti iko katika wingi na kasi. Miti ya asili husimama kwa nafasi. Mathenge usiodhibitiwa hufanya kichaka kimoja kisichopitika, na ukikatwa juu tu huchipuka upya kwa nguvu zaidi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mche mchanga hung'olewa kwa mkono baada ya mvua, lakini mti ulioshusha mzizi wake hadi majini huhitaji jembe, shoka na siku nzima ya kazi.

Jambo hili lina uzito wa pekee sasa. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha, na Wajir ikawa miongoni mwa kaunti zilizoumia sana. Desemba 2022, serikali ya kitaifa ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Kaunti kame, zenye eneo kubwa la ardhi, haziwezi kukosa katika hesabu hiyo.

Kosa la miaka ya 1980 halikuwa kupanda miti. Lilikuwa kuchagua mti kwa sababu moja tu, kwamba haukufa kiangazi. Laiti maana ya freatofaiti ingezingatiwa wakati huo, pangeongezwa swali la pili: kama mti huu haufi kwa kiu, maji yake unayapata wapi?

Swali hilo ndilo ambalo maafisa wa misitu, walimu wa vilabu vya mazingira na wenye visima wanastahili kuuliza kabla ya mche wowote kutiwa ardhini Wajir. Jibu likiwa ni mvua, mti huo utaishi kwa kadiri ya mvua. Jibu likiwa ni maji ya ardhini, basi upandwe mbali na visima vifupi, kwa idadi inayojulikana, na chini ya uangalizi wa watu wanaoyatumia maji hayo.